Kiti cha Enzi Chakatwa Miguu

Kila asubuhi Mama alitandaza kitambaa sakafuni, akakaa kitako, akaanza kazi. Alikuwa fundi wa magodoro ya pamba. Alishona kwa sindano ndefu. Aliinuka kuchukua pamba, akakaa tena. Alifanya hivyo kwa miaka thelathini.

Mwanawe, fundi wa kuchomea vyuma, hakupenda.

"Mama, unanitia aibu. Wateja wakipita watasema nini? Mimi nipo, mama yangu yuko sakafuni?"

Akamtengenezea meza ya kushonea na kiti kirefu cha chuma chenye mto mwekundu. Nyumbani wakakiita kiti cha enzi.

"Sasa umekaa kama mtu," fundi alisema.

"Kwani zamani nilikaa kama nani?" Mama aliuliza.

Miezi minane ikapita. Siku moja sindano ikaanguka. Mama akashuka kuiokota. Kushuka alishuka, kuinuka hakuweza. Mkwe wake alimshika kwapani, akashindwa. Ikabidi amwite mumewe wasaidiane.

"Ni uzee tu," fundi alisema.

"Uzee gani wa miezi minane?" mkewe aliuliza. "Mwaka jana Mama alikuwa akiinuka mara ishirini kwa siku. Mimi nataka kujua kimeingia nini."

Mama alikuwa akiitazama sindano mkononi. "Godoro kubwa halishoniki mezani, wanangu. Nisipoweza kushuka na kuinuka, kazi yangu ndiyo basi."

Kesho yake mkwe alikwenda zahanati. Alirudi na mtaalamu wa viungo, mwanamke mchangamfu. Fundi akamwonyesha kile kiti.

"Karibu, dada. Kaa chini."

Mtaalamu akakaa chini. Chini kabisa, sakafuni, akakunja miguu.

"Dada, kiti hiki hapa."

"Si umesema chini? Njoo na wewe, kaka."

Fundi akashuka, magoti yakalia ko, ko.

"Sasa inuka bila kushika kitu."

Fundi akaegemea huku, akaegemea kule. Mwishowe akashika mguu wa meza.

"Huo nao ni uzee?" mkewe aliuliza.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, "Lakini kwa nini, mwanangu? Kiti kimetufanya nini?"

"Kiti si adui, mama," mtaalamu alisema. "Ila kinatufanyia kazi yetu. Ukikaa chini, nyonga, magoti na vifundo vya miguu vinakunjika vizuri. Mgongo unajishikilia. Hukai mkao mmoja, unajigeuzageuza. Na kila ukiinuka, mapaja yanafanya kazi. Misuli isiyopewa kazi inalegea."

"Basi nishuke leo leo."

"Taratibu. Kaa kwanza kwenye kiti kifupi kidogo, halafu kifupi zaidi, halafu kwenye mto sakafuni. Pawe na kitu imara cha kushika. Badilisha mkao, usingoje miguu ife ganzi. Goti likiuma, acha, uje tulitazame."

"Na mtu mwenye goti bovu?" mkwe aliuliza.

"Huyo aulize zahanati kwanza. Aliyepasuliwa nyonga pia. Wengine kiti ndicho salama kwao."

Fundi alikipima kiti chake kwa vidole. Kisha akakibeba mpaka karakana, akakata miguu yote minne kwa kipimo cha vidole vinne. Baada ya wiki tatu akakata tena.

"Ufalme wangu unashuka," Mama alisema.

Kila jioni fundi alikaa sakafuni kando ya Mama, akimchambulia pamba. Mwanzoni fundi aliinuka kwa kushika meza. Baadaye alishika goti lake mwenyewe. Kiti nacho kikaendelea kukatwa, hadi kikabaki mto.

Mwezi wa tano tangu kiti kianze kukatwa, akaja mteja kuchukua godoro kubwa. Alimkuta Mama amekaa kitako katikati ya pamba, anamalizia mshono wa mwisho.

"Karibu, kaa chini," Mama alimwambia.

Mteja akatazama kila pembe. "Kiti kiko wapi, mama?"

Mama akaweka kiganja kwenye goti, akainuka peke yake. Akaufuata ule mto mwekundu, akauweka sakafuni mbele ya mgeni.

"Nimesema chini," alisema, akarudi kwenye sindano yake.