Jogoo wa Mzee Sumari

Kila alfajiri, Mlima Meru ungali umejifunika ukungu, Ndeshi alichota maji mferejini akayapeleka kwenye zahanati ya misheni. Mama yake, Marta, alikuwa mjane na muuguzi wa pale. Enzi hizo za Wadachi, yaani Wajerumani, mshahara wa muuguzi ulikuwa mdogo, jamani! Akishalipa kodi ya nyumba iliyotozwa na serikali kule boma la Arusha, kilichobaki kilinunua chumvi na mahindi ya siku chache. Na tangu walowezi waje, bei sokoni ilipanda tu.

Siku hiyo Ndeshi alikuwa amelala njaa. Nje ya zahanati, foleni ilifika hadi kwenye migomba. Mzee Sumari, tajiri wa ng'ombe mwenye kidonda mguuni, alimwita pembeni.

"Binti, chukua jogoo huyu. Mama yako anitazame mimi kwanza."

Ndeshi alimfunga jogoo nyuma ya jiko, akamwongoza mzee hadi mbele ya watu wote.

Mama alipotoka, macho yake yalimwangukia Resiato, mama wa Kiarusha aliyebeba mtoto aliyelegea kwa homa.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Sumari. "Subiri kidogo. Mtoto huyu hawezi kusubiri."

"Na jogoo wangu je?" Sumari akafoka.

Watu wakageuka kumtazama Ndeshi. Ndeshi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mrudishie," mama alisema taratibu, "kisha uje unishikie beseni."

Ndeshi alimrudishia mzee jogoo wake, akaja akashika beseni. Mama alimkanda mtoto kwa maji, akamnywesha dawa tone kwa tone, akimbembeleza kwa Kimaa, lugha ya Waarusha. Hatimaye mtoto akafumbua macho, akalia. Lo! Mwili ulimsisimka Ndeshi. Kumbe hii ndiyo kazi ya mama!

Mama alipomaliza foleni yote, Sumari naye akiwa amefungwa kidonda kwa zamu yake, alimshika Ndeshi mkono, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa misheni, Mdachi aliyeogopwa hata na wanaume.

"Bwana, kodi na mahindi vimemaliza mshahara wangu. Mwanangu analala njaa. Naomba uniongezee."

Mdachi alikuna ndevu, akamtazama Ndeshi. "Mwezi ujao nitaongeza kidogo," akasema. "Leo chukueni kikapu cha mahindi ghalani."

Njiani Ndeshi hakuacha kumtazama mama yake.

"Nisamehe, mama. Wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana, mwanangu! Lakini aliyeniajiri ndiye wa kuulizwa njaa yetu, si mgonjwa. Haki yako idai mchana kweupe. Ukiuza nafasi ya foleni, umeuza uhai wa mtoto wa mwenzio."