Kiraka Kwenye Barafu

Haraka haraka ndiyo yenye baraka. Idara ya ujasusi ilimfundisha hivyo Sindano, naye hakuwahi kubisha.

Yamaha ilinguruma. Mbele, gari jeupe lilikata kona kuelekea uwanja wa ndege.

Dereva wake, Kobe, alibeba kisanduku cha wizi. Ndani, kiraka cha moyo: nyama hai iliyochapwa kwa printa ya 3D, tabaka juu ya tabaka, kwa seli za mtoto mgonjwa. Kilikuwa kikidunda chenyewe. Mnunuzi, daktari wa ng'ambo, alitaka kukichambua, aibe utaalamu wote.

Mtoto huyo humwita Sindano mama mdogo.

"Kiraka kisipande ndege kikiwa hai," redio ilikoroma.

"Nimekupata."

Simu ikalia ndani ya helmeti. Idara ilikuwa imeiteka laini ya mnunuzi. Aliyempigia mnunuzi sasa alimpata Sindano.

"Bosi, kisanduku kinalia kama kifaranga," Kobe alilalama. "Kinasema joto limeshuka. Nifanyeje?"

Kiraka kile kilitaka joto la mwili. Baridi ingekiua.

Gari lilizidi kuponyoka.

"Una barafu?"

"Ya soda zangu."

"Kitoe, kifukie humo."

"Moyo kwenye barafu, kama samaki?"

"Figo husafirishwaje, mzee? Unabishana na daktari?"

"La, bosi... Tayari."

Kona iliyofuata, reli. Kizuizi kilikuwa chini. Treni ya mizigo ilijikokota kana kwamba inakwenda msibani, na Kobe alikuwa amekwama nyuma ya lori la saruji.

Kumbe Sindano angevuta subira kidogo tu.

Aligonga kioo kwa mdomo wa Glock. Kobe akainua mikono. Sindano akafukua barafu kwa vidole.

Kiraka kilikuwa tuli.

Akakipulizia pumzi zake, kama mwehu. Wapi!

Maabarani, dada yake aliyekichapa aliinua jicho kutoka kwenye darubini.

"Ulijua kingekufa?"

"Nilijua."

"Na kwamba ni cha mwanangu?"

"Mwanetu."

"Usinichezee maneno! Kuotesha seli upya ni miezi. Huo moyo wake utanisubiri? Nikamwambie nini?"

Vidole vya Sindano vilikuwa bado vimekufa ganzi. Alivibana kwapani, havikupata joto.

"Mwambie mama mdogo ndiye aliyekiua."

"Angalau uniombe radhi, mdogo wangu."

Sindano akavaa helmeti, akaelekea mlangoni.

"Siombi."