Hodi kwa Kapteni

Haya alinisimulia mwenyewe Mwinshehe, rafiki yangu, dobi wa hapa Bagamoyo miaka ile ya hamsini. Ndiye aliyemfulia Kapteni, Mwingereza wa manowari aliyerudi kutoka vitani na nishani kifua kizima. Kapteni alipofia Dar es Salaam, Mwinshehe akatumwa nyumbani kwake hapa mjini kuchukua sare nyeupe ya kumzikia.

Alifika adhuhuri. Sisi hatuingii nyumba ya mtu bila hodi, lakini siku hiyo alijisemea, "Nimpigie nani hodi, na mwenyewe maiti?" Akaingia.

Mlango ukajibamiza nyuma yake, kitasa kikagoma. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Ndani giza totoro. Akapapasa kabatini, akaitoa sare, nishani zikagongana zikalia. Akazifumbata zinyamaze. Mlio ukaendelea, sasa chumba cha pili, ukitembea taratibu kuja aliko. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Hatimaye akamsikia mkewe, Ashura, nje mlangoni: "Hodi! Baba Pazi, umo?"

Akafumbua kinywa, sauti haikutoka. Mlio ukasimama ubavuni pake, na mtu akaitikia kwa Kiswahili cha kizungu:

"Karibu, mama. Ingia na wewe."