Muthoki Mgongoni mwa Rais

"Jecinta, picha ya nne iko wapi?"

Nzivo alikuwa amesimama juu ya stuli, kidole kwenye msumari mtupu. Juu ya kitanda zilibaki fremu tatu. Jecinta aliendelea kukata sukuma wiki kama mtu asiyesikia.

"Nakuuliza wewe!"

"Nimeitoa."

"Umeitoa ukaipeleka wapi?"

"Nzivo, Jumamosi tunafunga ndoa. Mimi silali chini ya macho ya mke wa mtu."

Picha hizo Nzivo alizichonga mwenyewe kwenye mbao, enzi zile bado anachonga vinyago, akazipaka wino mweusi, akachapa nakala moja moja kwenye kadi ngumu na kuzitia vioo. Ya kwanza ilionyesha wanajeshi wa anga juu ya lori, ngumi hewani, asubuhi ile ya Agosti themanini na mbili waliposema redioni kwamba wameshika nchi. Ya pili, watu wakikimbia na viti vya madukani. Ya tatu, wanajeshi wale wale, mikono juu, na jua halijatua. Ya nne ilikuwa ya Muthoki, mkewe, amelala kando ya barabara. Alipigwa risasi ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kuiulizia. Miaka minane sasa Nzivo hakuchoka kusema: wakubwa waligombania kiti, mke wangu ndiye aliyezikwa.

"Sema iko wapi, Jecinta."

Kisu kikatulia.

"Asubuhi ukiwa Gikomba kununua mbao, Kimani karani alikuja mbio. Chifu anataka picha ya Rais itiwe fremu leo leo, D.O., mkubwa wake wa tarafa, anakuja saa kumi. Nikaifunga mwenyewe, vile umenifundisha. Hadibodi ya kuweka nyuma ilikuwa imeisha."

Nzivo alishuka kwenye stuli polepole.

"Usiniambie."

"Nilimweka Muthoki. Nikafunika na karatasi ya kaki."

"Umemweka mke wangu mgongoni mwa Rais? Na jina langu liko chini pale, na tarehe ile ya Agosti! Mwaka huu watu wanafungwa kwa kaseti ya nyimbo, Jecinta. Kaseti!"

"Hakuna mtu hubandua picha ya Rais."

"Kimani anaweza. Si ni mtoto wa shangazi yako? Si ndiye alisema heri uzeeke nyumbani kuliko kuolewa na Mkamba wa mbao? Mmepanga hii!"

Jecinta alimtazama, uso umemkauka.

"Rudia."

Kabla hajarudia, sauti ya Maingi mwenye duka ikapasua ua.

"Nzivo! Simu! Na ni ya serikali, buda, usitembee, kimbia!"

Nzivo alikimbia. Kwenye simu alikuwa Kimani, karani wa chifu, sauti imenyooka kama rula.

"Fundi, gundi yako haikukauka. Karatasi ya nyuma imebanduka, na kuna kitu cheusi kinachungulia. Chifu anasema uje sasa hivi, ama tufungue wenyewe."

"Msiguse! Nakuja!"

Alipogeuka, Jecinta alikuwa mlangoni mwa duka, leso begani.

"Twende."

"Wewe baki. Wakikuuliza, hujui kitu."

"Nimeiweka mimi, nitaitoa mimi. Kama nimepanga, utaniona hapo hapo."

Ofisini, picha ya Rais ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, karibu na kikombe cha chai. Kimani alishika kisu cha karatasi. Chifu alikuwa anamalizia mandazi.

"Fundi, umeleta ofisini kwangu kazi gani hii? Kimani, bandua tuone."

"Hapana, mzee!" Jecinta alisema. "Mtukufu Rais amelala kifudifudi kwenye chai? D.O. akiingia saa hii atasema nini?"

Chifu aliruka, akanyakua kikombe kana kwamba kinamuunguza.

"Nani aliiweka hivi? Kimani! Inua!"

Fremu ikainuliwa kwa haraka, na haraka ile ikawaumiza: kaki ilifunguka yote, kadi ikateleza nje. Kimani alidaka upande mmoja, Jecinta upande wa pili. Nzivo aliona kidole gumba cha Jecinta kikishuka chini ya picha na kutua pale pale kwenye jina na tarehe. Lakini Kimani alikuwa ameshasoma. Macho yake yalimtoka.

"Huyu mwanamke ni nani?" Chifu aliuliza.

Kimani akafungua mdomo, Jecinta akamwahi.

"Mke wa fundi, mzee. Marehemu. Mimi naolewa Jumamosi, na kila siku huyu ananiangalia kutoka ukutani. Nilimwonea wivu. Nikatafuta mahali ambapo mume wangu hawezi kumtoa."

Mwanamke aliyekataa hata kulia mbele ya mamake sasa alikuwa kama anajivua nguo mbele ya serikali. Nzivo alisikia masikio yanachoma.

Chifu alicheka mpaka makombo yakaruka. "Wivu na maiti! Wanawake nyinyi!" Kisha kicheko kikakatika. Akainama. "Na hivi viatu? Pembeni hapa. Ni buti za nani? Askari?"

Nzivo akasogea mezani.

"Ni vyangu," Nzivo alisema. "Ni viatu vyangu, mzee. Nilifika akiwa ameshaanguka."

Jecinta aligeuka ghafla kumtazama. Miaka miwili aliyomjua, alidhani ni vya aliyepiga risasi.

Chifu alijikuna shingo, kicheko kimekwisha.

"Pole. Toa hiyo, uweke ubao wa maana. Na haraka!"

Nzivo aligongomea kipande cha mbao cha sanduku la faili. Walipotoka, Kimani aliwafuata mpaka kwenye ua wa michongoma.

"Jecinta, harusini sitakuja," alisema. "Lakini sijasoma kitu."

Akarudi ndani.

Walitembea, kadi imefungwa ndani ya leso. Karibu na mabomba ya maji Nzivo akasimama.

"Nisamehe kwa yale niliyosema."

"Viatu, Nzivo. Niambie viatu."

"Redio ilisema watu wakae ndani. Mimi nilitaka sigara. Nikamwambia Muthoki, nenda dukani, wewe ni mwanamke, hawatakugusa. Niliposikia mlio ndio nikavaa viatu."

Jecinta alitazama bomba. Mtungi wa mtu ulijaa, ukamwagika.

"Mamake Muthoki yuko hai?"

"Yuko Mwala."

"Anajua?"

"Anajua ni serikali. Ndivyo nilivyomwambia matangani. Sijarudi tena."

"Mimi siwezi kuolewa na mtu anayedaiwa neno kama hilo."

"Atanilaani, Jecinta."

"Labda. Ni haki yake." Alijifunga leso kiunoni, kadi ikiwa kwapani. "Ni saa tisa unusu. Basi la mwisho la Mwala linatoka Machakos stendi, hapa mjini, saa kumi na moja. Harusi ni Jumamosi, ama si Jumamosi. Atasema yeye."

"Unakuja na mimi?"

"Nani atakushika ukianza kusingizia wakubwa?"

Nzivo alipokea kadi kutoka kwapani mwake. Wakashika njia ya stendi.