Jicho la Mshika Kibendera

Siku za kazi Fundi seremala hakuwa mtu wa maneno. Alipiga randa mbao zake tangu asubuhi, vumbi likimjaa nyusi. Mteja akiulizia kitanda chake, alijibiwa, "Kesho." Lakini siku ya mechi Fundi alikuwa mtu mwingine. Alivaa jezi, akachukua redio yake ndogo, akaenda uwanjani kushangilia mpaka sauti ikamkauka.

"Una wake wawili," mkewe, Mama Pacha, alizoea kumtania. "Mimi na timu. Na mimi ndiye mke mdogo."

Jumamosi moja timu yake ilifunga bao mwishoni kabisa. Mshika kibendera akanyoosha bendera: mfungaji ameotea. Uwanja ukachemka. Fundi hakufikiri. Alichomoa betri kwenye redio, akairusha betri hiyo uwanjani. Mshika kibendera akaanguka, ameshika uso kwa mikono miwili. Damu ikapita katikati ya vidole.

Mechi ikavunjika. Fundi akapenya kwenye msongamano, akakimbilia nyumbani.

Kesho yake habari zikaenea: mshika kibendera amepoteza jicho.

"Nakwenda kwa kaka," Fundi akasema. "Nikae huko mpaka mambo yapoe."

Mama Pacha alitoka akamwita jirani yao, mama mmoja aliyestaafu uaskari. Mtaani walimwita Afande.

"Uwanjani kuna kamera, Fundi," Afande akasema. "Ukikimbia watakukamata tu, na hakimu atauliza kwa nini ulikimbia."

"Lakini Afande, kabetri tu! Tena zilikuwa hasira za mpira."

"Sheria haijui hasira za mpira. Kumjeruhi mtu ni kosa, iwe sokoni, iwe uwanjani. Kuna kifungo, kuna faini, kuna kupigwa marufuku viwanjani. Na klabu nayo itaadhibiwa."

"Klabu imekosa nini?"

"Imekosa kuwa na shabiki aliyetulia."



"Sasa mwamuzi akikosea, watu wafanye nini?" Mama Pacha akauliza.

"Viongozi wa timu wana njia ya kupeleka malalamiko. Shabiki aimbe, anune, akishindwa kuvumilia atoke. Akimwona mwenzake anataka kurusha kitu, amzuie au awaite walinzi."

Wakaenda wote watatu kituoni. Fundi akasema kweli yote. Mahakamani hakimu alisema kujisalimisha kumempunguzia adhabu, si kumfutia. Akafungwa. Mama Pacha akauza misumeno na randa ili watoto wapate chakula. Timu ikanyang'anywa pointi, ikacheza mechi zilizobaki mbele ya viti vitupu, ikashuka daraja. Majirani wengine wakaacha kumsalimia Mama Pacha.

Alipotoka gerezani, Fundi alikwenda kwanza kwa mshika kibendera. Alimkuta kibarazani, amevaa miwani myeusi.

"Ndugu yangu, nimekuja kuomba radhi."

Yule mtu akasema, "Nimekusikia. Sasa nenda."

Fundi akaenda. Alikuwa amepigwa marufuku kukanyaga uwanjani maisha yake yote, lakini tawi la mashabiki halikumfungia mlango. Akasimama mbele ya wenzake, akawaeleza yote: kamera, kifungo, jicho.

"Wewe ndiye uliyetushusha!" wakamzomea.

Hakubisha. Wiki iliyofuata alirudi, akaeleza tena. Na tena.

Msimu huo timu ikanyimwa penalti ya wazi kabisa. Jioni mwenyekiti wa tawi akapita karakanani, pale Fundi alipokuwa kibarua wa fundi mwingine.

"Tumefungwa, Fundi. Mmoja alinyanyua chupa. Wenzake wakamdaka mkono, wakamkabidhi kwa walinzi. Mechi ikaisha salama."

"Na washika vibendera?"

"Wamerudi kwao wazima, wote wawili."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Alitaka kufurahi, furaha haikuja. Akachukua msasa, akaendelea kusugua mguu wa kiti. Kulikuwa na mtu mmoja, kule kibarazani, ambaye wema huo ulikuwa umemchelewa.