Mwanaume Kooni mwa Mbinya

Wewe, ukirudi nyumbani usikie mwanaume akiongea chumbani kwako, uingie umkute mkeo peke yake, utamwita nani?

Ndeti, fundi cherehani wa Tawa, alianza kwa kuangalia chini ya kitanda. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Machi likichoma mabati, na mkewe Mbinya amejifunika blanketi mbili. Ile sauti nzito, ya kukwaruza, ilitoka kinywani mwake yeye, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ile nyembamba, kwenye kwaya.

"Waambie walio juu ya mabati washuke."

"Kina nani, Mbinya?"

"Wanataja jina langu."

Ndeti alipendekeza hospitali. Mwaka juzi Mbinya alitolewa tezi iliyovimba shingoni, na daktari akasema atameza tembe moja kila asubuhi maisha yake yote, ishike kazi ya tezi hiyo.

"Si anameza?" mama yake Ndeti, Syombua, akamjibu. "Si ni mimi humpa na maji mkononi? Basi huo si ugonjwa. Hilo ni jini."

Hoja ilionekana safi. Akaitwa Mchungaji Irungu kutoka Emali, akaja na spika mbili, maana majini ya siku hizi inaonekana hayasikii vizuri.

Waliomba siku tatu, na siku tatu hizo uso wa Mbinya ukazidi kuvimba hadi macho yakabaki nyufa, ngozi ikakauka na kupoa kama sakafu ya saruji, nywele zikabaki kwenye mto kila alipogeuza kichwa, na ile sauti ikazidi kushuka, kila neno likivutwa polepole kutoka chini kabisa, mpaka Alhamisi mchana, mchungaji alipoiamuru itoke, ikaguna mara moja na kunyamaza.

"Ametoka," Irungu akasema, akijipangusa jasho. Akina mama wakaanza wimbo.

Ndeti akamshika mkewe mkono. Baridi. Pumzi ilikuja, ikakaa sana kabla ya kuja tena. Akamwita. Hakuna sauti iliyojibu, si ile nzito, si ya kwake.

"Mama, lete ile dawa. Leo hajameza."

Syombua hakuinuka.

"Mama."

"Haiko." Aliongea chini chini, wimbo ukiendelea. "Hiyo nampa ni ya kichwa, ya dukani. Yake niliimwaga chooni Desemba. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba amepona, Ndeti. Sasa watu wangemwona bado anameza, ningewaambia nini?"