Tumepungukiwa na Mmoja

Mchana ule wa mwezi wa saba, katika ofisi ya ghorofa ya tatu mjini Tainan, walikuwapo Bwana Hsieh Kuang-jung, mwenye ofisi, Bi. Lai Shu-chuan, mchoraji wa picha, na Tung Chih-hao, mwandishi wa programu, ambaye wenzake walimwita A-hao. Ndani ya kioo cha kompyuta yake walikuwapo wengine watatu: Bi. Yen Mei-yu, Bi. Su A-man na Bwana Ko Tien-fu. Hao watatu walikuwa wamekwisha kufa.

A-hao ndiye aliyewaandika humo. Ofisi ilikuwa ikitengeneza mchezo wa vigae uitwao mahjong, kwa lugha ya kompyuta ya Java. Meza hutaka watu wanne: mmoja ni mchezaji, watatu ni kompyuta yenyewe, na hao watatu lazima wawe na majina. Mama yake, Bi. Kuo Yueh-chin, alikuwa amelazwa tangu mwezi wa nne, na wenzake wa meza walikuwa wametangulia wote. A-hao akatumia majina yao, kamili, bila kupunguza herufi. Alipompelekea mama picha ya meza ile, mama alicheka, mara ya kwanza tangu alazwe.

"Mwambie A-man asiibe vigae," alisema. "Ukimaliza niletee, nicheze nao."

Kilichobaki ni kiti cha mama, yaani kisanduku chenye jina lake, upande wa kulia wa meza. Katika Java, dirisha huuliza kila sehemu yake: unataka ukubwa gani? Sehemu hujibu, nayo hupewa nafasi. A-hao alikitaka kiti kile kiwe kipana, chenye herufi kubwa, maana macho ya mama yalikuwa mabovu. Lakini kila alipofungua programu, kiti kilikuwa chembamba na kirefu. Alikirekebisha siku nne. Aliandika vipimo kwa namba, kisha akaandika upya dirisha zima. Kikarudi vilevile.

"We A-hao," alisema Bwana Hsieh, "kiti cha mama yako kimekonda kama ufito. Hujakilisha?"

"Bosi, sijakiambia kiwe hivyo. Kinajibu chenyewe."

Saa sita na nusu, kama desturi, walizima taa wakalaza vichwa juu ya meza kusinzia. Kwanza A-hao alisikia vigae vikikorogwa, taratibu, kama vinavyokorogwa na mikono ya wazee, na akadhani ni spika, mpaka alipokumbuka kwamba spika alizichomoa jana. Ndipo ikamjia harufu ya mafuta ya minti, yale ambayo Bi. Su A-man alikuwa akijipaka kwenye paji la uso kila alipokuwa akishindwa, ikapita nyuma ya shingo yake, ikasimama, na sauti ya kike, ya upole, isiyo na haraka yoyote, ikasema karibu na sikio lake: "Tuko watatu. Tumepungukiwa na mmoja."

Alipoinua kichwa, Bi. Lai alikuwa macho, ameziba pua.

"Na wewe umesikia?" alinong'ona A-hao.

"Nyamaza. Usiitike."

Bi. Lai alikuwa binti wa seremala. Alitoa futi ya mkanda, ile yenye safu mbili za alama, za juu kwa nyumba za walio hai, za chini kwa makaburi na vibao vya majina ya marehemu. Akaiweka juu ya kioo. Upana sentimita tisa. Kimo ishirini na moja. Kwenye alama za chini, vipimo vyote viwili viliangukia wekundu, yaani heri.

"Baba huchonga vibao vya kipimo hiki," alisema. "Kaka, huu ni mwezi wa mizimu; hata walio hai hatuwaiti kwa majina kamili. Wewe umewaita wafu watatu wa meza moja, kisha ukauliza kiti cha mama kiwe na ukubwa gani. Wamekujibu. Wafute."

"Nikiwafuta, atacheza na nani?"

Bwana Hsieh hakutania tena. "Afadhali akose wa kucheza naye, mwanangu. Futa."

A-hao alimfuta Bwana Ko Tien-fu, kisha Bi. Yen Mei-yu. Kwa Bi. Su A-man mkono ulisita; mwanamke huyo alimbeba mgongoni utotoni. Akamfuta. Akafungua dirisha. Kiti cha mama kilikuwa kipana, herufi kubwa, sawasawa kama alivyotaka. Harufu ikakatika. Bi. Lai akawasha taa. Mezani palibaki jina moja tu, Kuo Yueh-chin, na viti vitatu vitupu.

"Nitampelekea jioni hii," alisema A-hao.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi. Alisema mama aliketi kitandani, akaomba kitana, akachana nywele, akasema wenzake wamechoka kungoja ndani ya kioo, wamekuja wenyewe.

Bi. Kuo Yueh-chin alifariki siku hiyo, saa saba na dakika kumi mchana.